Gunia na Bambo: Wajibu wa Mfungashaji wa Programu za Siri

Wahenga walitukataza kununua mbuzi kwenye gunia. Sokoni agizo hilo ni rahisi kulitii, maana gunia hufunguliwa na mbuzi akaonekana. Lakini siku hizi tunachukua bidhaa ambazo, hata tukilifungua gunia, hatujui tunachokitazama. Programu ya kompyuta ni bidhaa ya namna hiyo. Tena zipo programu ambazo tunazichukua kwa sababu tu tuna siri ya kulinda: zile za kusimba barua pepe ili isomwe na aliyeandikiwa peke yake, na zile za kupita intanetini bila kufuatiliwa. Katika insha hii ninauliza swali moja: mtu anayetufungia programu kama hizo na kutukabidhi, ana wajibu gani kwetu, ikiwa hatumjui, hatumlipi, wala hatuna ujuzi wa kukagua kazi yake?

Swali hili lilinipata kabla sijajua kuwa ni swali la falsafa. Mwanzoni mwa mwaka 2021 nilikuwa Mbale, mashariki mwa Uganda, nikimsaidia mjomba wangu katika duka lake la kupiga chapa na kutoa nakala. Katika wiki ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilifungwa tarehe 12 Januari, na kesho yake jioni intaneti yote ikazimwa. Iliporudi tarehe 18, mitandao ile iliendelea kufungwa kwa majuma kadhaa, na Facebook ikabaki imefungwa hata baada ya mingine kufunguliwa. Watu hawakungoja. Tangu Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao hiyo, VPN lilikuwa neno la kawaida kwetu, hata kwa watu wasiojua herufi hizo ni kifupi cha nini. Walichojua ni kwamba ni programu inayoyapitisha mawasiliano yako katika njia iliyosimbwa hadi kwenye seva ya mbali, ili anayekuangalia njiani asione unakokwenda.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Mwanafunzi mwenzangu alinipa programu ya VPN katika flashi. Yeye naye alipewa na mwingine. Niliiweka katika kompyuta za duka, kisha nikawawekea wateja waliokuja na kompyuta zao, kila mmoja kwa shilingi elfu mbili. Miongoni mwao alikuwa mama aliyekuwa akishona na kuuza gomesi, na ambaye wanunuzi wake wengi walimpata kupitia ukurasa wake wa Facebook. Alileta kompyuta ya binti yake. Nilisakinisha programu, ukurasa ukafunguka, akanishukuru akaenda zake. Baada ya majuma matatu alirudi. Ukurasa wake ulikuwa umetekwa, nywila imebadilishwa, na wanunuzi wake walikuwa wakiombwa kutuma malipo ya awali kwa nambari ya simu asiyoijua. Hakuja kugomba. Aliketi, akaniuliza, "Mwanangu, kile kitu ulichoniwekea, ulikitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sijui kama programu ile ndiyo iliyomponza. Huenda nywila yake ilikuwa rahisi. Huenda alibofya kiungo cha matapeli. Huenda kompyuta ya binti yake ilikuwa na maradhi tangu zamani. Lakini yeye hakuniuliza kama mimi ndiye niliyemdhuru. Aliniuliza nilikitoa wapi, na hilo nilipaswa kuwa na jibu lake hata kama programu ilikuwa safi kabisa.

Kabla ya kuendelea, ni vyema nieleze maana ya kufungasha. Kwa wengi wetu neno kifurushi huleta picha ya bando la simu. Hapa nina maana nyingine. Mwandishi wa programu huandika maagizo katika lugha ambayo binadamu aliyejifunza anaweza kuisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Kwa kawaida mtumiaji hapewi maandishi hayo. Lazima mtu ayageuze kuwa lugha ya mashine, akusanye programu saidizi zinazohitajika, achague mipangilio ya mwanzo, atie sahihi ya kidijitali, kisha auweke mzigo wote mahali ambapo sisi tunaupakua kwa kubofya mara moja. Mara nyingi mtu huyo si yule aliyeandika programu. Katika mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993 na ambao hukusanya maelfu ya programu kwa ajili ya kompyuta zinazotumia Linux, kazi hii hufanywa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Huyu ndiye ninayemwita mfungashaji.

Mtu anaweza kusema kwamba mfungashaji ni mchukuzi tu, na kwamba maadili yote yamo kwa mwandishi. Historia ya barua pepe zilizosimbwa haikubaliani naye. Mwaka 1991 Phil Zimmermann, Mmarekani, alitoa programu iitwayo PGP, iliyompa mtu wa kawaida uwezo wa kuisimba barua yake kwa nguvu ambayo hapo kabla ilikuwa mikononi mwa majeshi na serikali. Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa miaka mitatu hivi kwa tuhuma za kuipeleka teknolojia hiyo nje ya nchi bila kibali, kisha mwaka 1996 ikaacha shauri bila kumshtaki. Hisabati ya PGP ilikuwa imara. Lakini mwaka 1999 watafiti wawili, Alma Whitten na J. D. Tygar, waliwapa watu 12 toleo la tano la programu hiyo na dakika 90, wakawaomba watume ujumbe wa siri. Wengi wao hawakufaulu, na watatu waliituma siri yenyewe ikiwa wazi bila kusimbwa, kwa bahati mbaya. Kufuli lilikuwa zuri, ila mlango haukufungika.

Ndiyo maana kazi ya kufungasha ina uzito. Mwaka 2020, programu ya barua pepe ya Thunderbird ilipoweka usimbaji wa OpenPGP ndani yake yenyewe, badala ya kumtaka mtumiaji atafute programu nyongeza na kuziunganisha, hakuna kanuni mpya ya hisabati iliyogunduliwa. Kilichobadilika ni ufungashaji. Yule anayeamua ni kitu gani kije pamoja na kingine, na ni kitufe gani kiwe kimewashwa tangu mwanzo, ndiye anayeamua kama siri ya mwalimu, muuguzi au mwanafunzi asiyejua kompyuta italindwa au la. Huyo si mchukuzi tu.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986 juu ya kutumaini na kutotumaini, alieleza kwamba kumtumaini mtu ni kukubali kuwa mahali ambapo angeweza kukudhuru, ukitegemea kwamba hatakudhuru. Usimbaji ulikuja na ahadi kubwa ya kutuondolea hali hiyo. Ulituambia: huna haja ya kumtumaini tarishi, wala kampuni ya simu, wala mwenye seva, kwa sababu hata wakiishika barua yako hawataweza kuisoma. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini tumaini halikufutwa, lilihamishwa. Tulimkwepa tarishi tukaangukia mikononi mwa mtengenezaji wa bahasha. Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa mfumo wa Unix, alilisema jambo hili mapema katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Turing, iliyochapishwa mwaka 1984. Alionyesha jinsi hata chombo cha kugeuzia msimbo kuwa lugha ya mashine kinavyoweza kutiwa hila isiyoonekana katika msimbo wowote unaousoma. Kiswahili kina njia fupi ya kulisema hilo: kikulacho ki nguoni mwako.

Mfano halisi utatusaidia. Katika mwaka 2006 mfungashaji mmoja wa Debian alikuwa akiishughulikia programu saidizi ya OpenSSL, ambayo programu nyingine nyingi huitumia kusimba. Chombo cha kuchunguza hitilafu kilikuwa kikilalamika kwamba kuna sehemu ya kumbukumbu inayosomwa kabla ya kujazwa. Alitafuta chanzo akaona mistari miwili ya msimbo. Aliuliza hadharani, katika orodha ya wahusika wa OpenSSL, kama inaweza kuondolewa, na jibu alilopata lilionekana kumruhusu. Akaiondoa. Malalamiko yakakoma, programu ikaendelea kufanya kazi kama kawaida, na toleo hilo likasambazwa kuanzia Septemba 2006.

Lakini mmoja wa mistari ile ndio uliokuwa ukiingiza nasibu ndani ya kiwanda cha funguo. Ufunguo wa siri una thamani kwa sababu hauwezi kubahatishwa. Huchaguliwa kutoka katika idadi ya nambari isiyo na mwisho wa kuhesabika kwa akili ya binadamu. Mstari ulipoondoka, kitu pekee kilichobaki kubadilika kilikuwa namba ambayo kompyuta huipa kila kazi inayoendeshwa, na namba hizo kwa kawaida zilikuwa 32,768 tu. Kwa hiyo kila aina ya ufunguo ilikuwa na maelfu kadhaa tu ya sura. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida aliweza kuzitengeneza zote mapema na kuzijaribu moja moja, kama mwizi mwenye shada la funguo la mtaa mzima. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 13 Mei 2008, ilipotangazwa baada ya kugunduliwa na Luciano Bello, mmoja wa watu wa Debian wenyewe. Funguo za OpenVPN, yaani za njia binafsi ya intaneti, zilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Funguo za barua pepe zilizotengenezwa kwa GnuPG zilisalimika, kwa kuwa GnuPG haitumii kiwanda kile.

Tuupime mfano huu. Kwa upande wa nia, hatuoni ubaya. Mfungashaji alitaka kuondoa hitilafu. Tena aliuliza kabla ya kutenda. Anayeshika kanuni kwamba jema pekee lisilo na doa ni nia njema atamwachilia. Kwa upande wa matokeo, madhara yalikuwa makubwa na ya aina ya pekee. Mtu asiye na faragha na anayejua kwamba hana, hupunguza sauti. Anayeona dirisha limefunguka hasemi neno la siri. Lakini aliyeambiwa kwamba chumba kimefungwa husema yote. Faragha ya uongo ni mbaya kuliko kukosa faragha, kwa sababu humwondolea mtu tahadhari yake mwenyewe, ambayo ndiyo kinga ya mwisho aliyokuwa nayo. Kwa karibu miaka miwili watu walizungumza katika chumba walichodhani kimefungwa.

Basi tukitazama nia peke yake tunamsamehe upesi mno, na tukitazama matokeo peke yake tunamhukumu kwa kosa ambalo fundi yeyote mwaminifu anaweza kulifanya. Nadhani tunatafuta wajibu mahali pasipo pake. Hatuwezi kumdai mfungashaji asikosee kamwe. Hiyo si kazi ya binadamu. Tunachoweza kumdai ni kwamba afanye kazi kwa namna ambayo kosa lake litaonekana na mwingine, na likionekana asilifunike. Kwa kipimo hiki Debian walitimiza sehemu kubwa ya wajibu wao. Badiliko lile lilikuwa mahali pa wazi kwa yeyote, na ndiyo sababu liliweza kupatikana. Lilipopatikana walitangaza, wakaeleza ni funguo za aina gani zimeharibika na zipi ni salama, wakatoa chombo cha kutambua funguo dhaifu, na kuwataka watu wazitengeneze upya. Ninapokilinganisha kitendo hicho na flashi yangu ya Mbale, ninaona aibu. Kosa langu, kama lilikuwepo, halikuacha alama ambayo mtu angeweza kuifuata hadi chanzo chake.

Katika masomo yangu ya Kiswahili nilikutana na neno bambo. Ni kifaa cha chuma chenye ncha na uwazi, ambacho mnunuzi wa nafaka hukidunga katika gunia ili kutoa punje chache azitazame bila kulifungua gunia zima. Neno hili lilinifunza zaidi ya makala nyingi za kompyuta. Soko la nafaka halisimami juu ya tumaini tupu, wala halisimami juu ya kila mtu kufungua kila gunia. Linasimama juu ya bambo: kila muuzaji anajua kwamba gunia lake linaweza kudungwa wakati wowote, mahali popote, na mtu yeyote. Wengi hawatadunga. Lakini muuzaji anayekataa gunia lake lisidungwe amekwisha kujieleza.

Bambo la programu ni lipi? Jibu la kwanza la wengi ni msimbo chanzo: maadamu msimbo uko wazi, nani atathubutu kuficha kitu? Jibu hilo halitoshi, na mwaka 2024 ulitufundisha kwa nini. Tarehe 29 Machi mwaka huo Andres Freund, mhandisi wa programu, alitangaza kwamba amekuta mlango wa siri katika XZ Utils, programu saidizi ya kubana mafaili iliyomo katika kompyuta nyingi za Linux. Alianza kushuku kwa sababu kuingia katika kompyuta yake kwa njia ya SSH kulichelewa kwa karibu nusu sekunde. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipenyeza katika mradi huo, akisaidia kazi za mlinzi wake wa kujitolea aliyekuwa amechoka, hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Jambo la kutazama ni mahali alipoificha hila yake. Sehemu iliyoiamsha hila hiyo haikuwemo katika hifadhi ya msimbo ambayo kila mtu huitazama. Ilitiwa katika fungu lililofungwa tayari kwa ajili ya wafungashaji. Yaani sampuli iliyoanikwa juani ilikuwa safi, na gunia lilikuwa na kitu kingine. Matoleo ya majaribio ya Debian na ya Fedora yalikuwa yamekwisha kulipokea.

Kwa hiyo bambo la kweli ni lile linalothibitisha kwamba kilichomo guniani ndicho kilichoanikwa. Njia hiyo ipo. Huitwa ujenzi unaorudiwa. Maana yake ni kupanga kazi ya kufungasha kwa uangalifu kiasi kwamba watu wawili, katika kompyuta mbili, nchi mbili, wakianza na msimbo uleule watapata kifurushi kilekile, bila kutofautiana hata herufi moja. Wasipopata kilekile, kuna mtu au mashine iliyoingiza mkono. Watengenezaji wa kivinjari cha Tor, kinachoyapitisha mawasiliano katika seva kadhaa ili asijulikane anayevinjari, walianza kufungasha kwa njia hii mwaka 2013, na Debian nao wakaanza jitihada kama hiyo wakati huohuo. Kazi yenyewe ni ya kuchosha. Tarehe na saa ambayo kompyuta huiandika ndani ya faili, au mpangilio tu wa majina ya mafaili, hutosha kufanya vifurushi viwili visifanane.

Kinachonivutia zaidi katika njia hii ni kwamba inamlinda pia mfungashaji. Mtu anayefungasha programu ya siri kwa mamilioni ya watu ni kama mshika ufunguo wa ghala. Anaweza kutishwa, kuhongwa, kulazimishwa na wenye nguvu, au kompyuta yake ikaingiliwa usiku bila yeye kujua. Ikiwa yeye peke yake ndiye awezaye kutoa gunia, basi kumshika yeye ni kuwashika wote. Lakini ikiwa wengine wanaweza kulijenga gunia lilelile na kulilinganisha, kumlazimisha hakuna faida, kwa maana hila itaonekana. Anayekubali kukaguliwa hajidhalilishi. Anawaambia wenye nia mbaya: msinisumbue, mimi peke yangu siwezi kuwafaa.

Hapa ninakubaliana na mwanafalsafa Onora O'Neill, ambaye katika mihadhara yake ya redio ya BBC ya mwaka 2002 alihoji kilio cha kila mara kwamba watu wamepoteza imani na kwamba ni lazima irejeshwe. Kwa maoni yake, jambo la kutafuta ni tumaini lililowekwa mahali panapostahili, na hilo huhitaji watu wapewe njia ya kupima. Anayesema "niamini" bila kutoa njia hiyo ananidai tumaini. Anayesema "dunga hapa" ananipa sababu ya kumtumaini.

Najua yapo mapingamizi, na mwanafunzi mwenzangu mmoja ameyarudia mbele yangu mara nyingi. La kwanza ni kwamba mfungashaji anajitolea. Hatumlipi hata senti, basi tunapata wapi haki ya kumdai? Ninaliheshimu pingamizi hili, hasa ninapomkumbuka mlinzi wa XZ, ambaye dunia nzima ilimtegemea bila kumsaidia. Lakini zawadi haifuti wajibu. Mtu akichimba kisima karibu na njia na kuweka kata ya kunywea, hatumdai maji. Hata hivyo, akijua kwamba maji yameingia sumu, anatupasa onyo, kwa kuwa kata aliyoiweka ndiyo iliyotualika. Aidha, wajibu una pande mbili. Sisi tunaokunywa bure kila siku bila hata kuuliza kama mchimbaji amekula, tuna deni letu. Mtu aliyechoka na kuachwa peke yake ni rahisi kumpa ufunguo mgeni yeyote anayejitokeza kumsaidia, na ndivyo mlango wa XZ ulivyofunguliwa.

Pingamizi la pili linasema bambo halina maana kwa asiyejua nafaka. Yule mama wa gomesi asingeweza kulinganisha vifurushi hata angepewa mwaka mzima. Ni kweli, lakini hata katika mizani za soko, wengi wetu hatujui kupima jiwe la kilo. Tunalindwa na ukweli kwamba yupo anayejua, na kwamba haki ya kupima haikufungiwa mtu mmoja. Inatosha wachache wadunge kwa niaba ya wengi, mradi matokeo yatangazwe. Bello mmoja na Freund mmoja waliwalinda watu ambao hawatawajua kamwe. Lakini wote wawili waliweza kwa sababu walikuta njia ya kuangalia ndani.

Pingamizi la tatu ni la wale wanaosema kwamba programu za siri huwaficha wahalifu, kwa hiyo anayezifungasha anashiriki dhambi zao. Hilo ni swali la insha nyingine: nani astahili faragha na kwa kiasi gani. Hapa ninasema jambo moja tu. Lijibiwe vyovyote, halitoi ruhusa ya kumpa mtu kufuli bovu huku ukimwambia ni zima. Anayeona kwamba watu hawastahili kufuli na asiwape, asiwadanganye.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Wajibu wa kwanza wa mfungashaji wa programu za siri ni kuliacha fundo lake katika hali ambayo mwingine anaweza kulifungua na kulitazama. Na akigundua amekosea, aseme upesi, aseme yote, awaambie watu la kufanya. Ustadi unahitajika, nia njema inahitajika, lakini bila uwazi huo vyote viwili vinabaki ndani ya gunia.

Na wajibu huu hauishii kwa wahandisi wa Debian au wa Tor. Kila anayepokea programu na kumpa mwenzake anaongeza fundo moja juu ya gunia. Katika mabweni yetu flashi hupita mkono kwa mkono, zikiwa na vitabu, programu za kuandikia na VPN za kila namna, na hakuna anayeuliza. Hatuwezi sote kuwa wahandisi. Lakini kila mmoja wetu anaweza kupakua kutoka kwa watengenezaji wenyewe, kuikagua sahihi ya kidijitali pale ilipotolewa, kukumbuka alikoitoa programu, na kumwambia mwenzake bila haya: "Hii sijaikagua." Sentensi hiyo ina maneno mawili tu, na ingetosha kumrudishia yule mama tahadhari yake.

Siku ile alipomaliza kuniuliza nami nikakosa jibu, nilitoa shilingi elfu mbili zake nikampa kwa mikono miwili. Alizipokea, akazitazama, kisha akaziweka mezani karibu na mashine ya kutoa nakala. Akasema, "Sikuja kwa ajili ya hizi, mwanangu." Mjomba alimsaidia kuwapigia simu wanunuzi wake mmoja mmoja kuwaonya, kazi iliyochukua mchana mzima. Mimi nilikaa pembeni na flashi mkononi, nikijaribu kukumbuka yule aliyenipa naye aliipata kwa nani.